Kuhama kutoka G kwenda C kunanishinda: mnafanyaje mazoezi ya kubadilisha kodi?

Uzi_wa_Tatu

Wakuu, naomba msaada. Najifunza gitaa la nyuzi za chuma, peke yangu, bila mwalimu. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ninazozijua ni G, C, D, Em na Am. Nikishika moja moja zinatoka safi. Nimezipima uzi kwa uzi na kila uzi unalia. Tatizo ni kuhama. Em kwenda Am siyo mbaya, lakini G kwenda C, na C kwenda D, ndiyo mtihani. Vidole vinanyanyuka vyote, vinaelea hewani vikitafuta pa kushuka, kinatangulia cha shahada, kinafuata cha kati, cha pete kinafika mwisho. Muda wote huo mkono wa kulia umesimama unasubiri.

Mdogo wangu wa kike anaimba vizuri sana na hamu yangu ni kumpigia anapoimba. Tumejaribu. Kila ikifika C inabidi avute neno mpaka nifike, na wimbo unapoteza mwendo wake. Yeye ana subira, hasemi kitu, lakini nasikia mwenyewe kwamba hapo hakuna wimbo.

Mazoezi yangu nafanya mwisho wa wiki, nakaa kwa muda mrefu napiga nyimbo zile zile kutoka mwanzo hadi mwisho. Naomba kujua: niende polepole au nijilazimishe kasi? Kidole gani kitangulie? Na je, kutazama vidole ni vibaya?

Pigo_la_Chini

Kwa C, tanguliza kidole cha pete. Ukicharaza kushuka, mkono unakutana na nyuzi nene kwanza, na uzi wa 5 (tunahesabu kuanzia uzi mwembamba, wa 1, hadi mnene, wa 6) kwenye freti ya 3 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo) ndio unaobeba sauti ya C yenyewe. Uzi wa 2, pale kilipo cha shahada, unaguswa karibu na mwisho. Wewe unaweka kwanza kidole kinachohitajika mwisho. Geuza mpangilio: pete, kati, shahada. Siku za mwanzo utaona umekuwa mzito kuliko zamani, vumilia.

Kutazama siyo vibaya, ila tazama unakokwenda. Wengi macho yao yanabaki kwenye kodi waliyoishika, ambayo tayari iko sawa.

Ridhim_Daima

Mdogo wangu Uzi wa Tatu, nimepiga ridhim (gitaa la kucharaza mdundo) kwenye bendi kwa miaka mingi na nimefundisha vijana kadhaa, kwa hiyo nivumilie nikiandika marefu. Katika maelezo yako yote, kilichonishtua siyo vidole vinavyoelea. Ni ule mkono wa kulia uliosimama unasubiri. Mimi ningeanzia hapo.

Mkono wa kulia ndio wimbo. Ukikosa kodi moja, ukapiga nyuzi wazi au nyuzi zilizobanwa nusu, aliyekaa kusikiliza pengine hatajua. Ukisimamisha mdundo, anajua hata mtoto. Sasa angalia umekuwa ukiuzoeza nini: kila ukicheza wimbo mzima na kusimama kabla ya C, umeufundisha mkono wa kulia kwamba kabla ya C huwa tunasimama. Unashika somo hilo vizuri kabisa, kwa sababu mikono haichagui cha kujifunza. Inajifunza kile unachorudia.

Fanya hivi. Weka metronomu (kifaa kinachogonga mdundo sawasawa) kwenye 60, yaani mapigo 60 kwa dakika; programu za bure za simu ziko nyingi. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Shika G, charaza pigo la kwanza tu, mara moja, kisha mapigo matatu yaliyobaki ni ya safari. Likirudi pigo la kwanza charaza tena, vidole viwe vimefika au havijafika. Hapo ndipo wengi wanashindwa kutii. Kikikosekana kidole kimoja, charaza hivyo hivyo na sauti yake mbaya, songa mbele. Baada ya kodi kuanza kufika kwa wakati, charaza pigo la kwanza na la tatu. Baadaye yote manne. Ukifika hapo, muda wa kuhama ni kati ya pigo la nne na la kwanza linalofuata, na kwa mwendo wa 60 huo ni sekunde nzima. Kwa mwendo wa 120 ni nusu sekunde. Kwa hiyo swali lako la polepole au kasi linajijibu: chagua mwendo ambao mkono wa kulia hausimami kamwe, hata kama ni 45, na huo ndio mwendo wako wa leo.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila anayeanza aambiwe mapema. Wapigaji wazoefu hawashikilii kodi mpaka tone la mwisho. Ukicharaza kushuka na kupanda, ule mcharazo wa kupanda baada ya pigo la nne mara nyingi unapigwa vidole vikiwa tayari vimeachia, nyuzi zikiwa wazi. Ni nusu ya pigo tu, na sikio linaipokea kama sehemu ya mdundo. Tega sikio kwenye gitaa la kucharaza katika rekodi unazozipenda, utaanza kuisikia. Jipe ruhusa hiyo. Usijifunge kwa sharti la kufika bila kuondoka.

Sasa mkono wa kushoto. Watu wanafanya mazoezi ya kodi, wakati kinachotakiwa kufanyiwa mazoezi ni njia kati ya kodi na kodi. Kaa na kodi mbili tu, jiulize kila kidole kinatoka wapi kinakwenda wapi. Chukua C na Am. Cha shahada kiko uzi wa 2 freti ya 1 katika zote mbili. Cha kati kiko uzi wa 4 freti ya 2 katika zote mbili. Kinachohama ni cha pete peke yake, kutoka uzi wa 5 freti ya 3 kuja uzi wa 3 freti ya 2. Anayenyanyua vidole vitatu hapo anafanya kazi mara tatu bila sababu. Chukua Am na E: umbo ni lile lile, vidole vitatu vinasogea pamoja uzi mmoja kuelekea upande wa nyuzi nene. Hapo havibaki, lakini havitawanyiki.

Na G kwenda C inayokutesa? Nadhani unashika G kwa cha kati kwenye uzi wa 6, shahada uzi wa 5, na pete uzi wa 1. Kwa ushikaji huo, kwenda C kila kidole kinabadilisha uzi, na cha pete kinavuka karibu shingo nzima. Jaribu G nyingine: pete uzi wa 6 freti ya 3, kati uzi wa 5 freti ya 2, kidole kidogo uzi wa 1 freti ya 3. Kwenda C, pete na kati vinashuka uzi mmoja mmoja vikiwa kwenye freti zile zile, kidole kidogo kinanyanyuka, shahada inatua uzi wa 2 freti ya 1. Mara ya kwanza kidole kidogo kitakuwa dhaifu na kitagoma. Kipe muda, kinakuja.

C kwenda D ni ngumu kwa haki. Hakuna kidole kinachobaki. Kama wimbo uko katika ufunguo wa G, yaani G ndiyo kodi yake ya nyumbani, kuna njia nzuri: shika G ya vidole vinne (kati uzi wa 6 freti ya 3, shahada uzi wa 5 freti ya 2, pete uzi wa 2 freti ya 3, kidogo uzi wa 1 freti ya 3). Kisha badala ya C ya kawaida, sogeza kati na shahada uzi mmoja kila kimoja kuelekea nyuzi nyembamba, pete na kidogo viache hapo hapo. Hiyo inaitwa Cadd9, ni C iliyoongezewa noti ya D, na kwenye nyimbo za G inakaa vizuri sana. Kwenda D, cha pete bado hakitoki uzi wa 2 freti ya 3. Kodi tatu, na kuna kidole kimoja hakijaondoka shingoni. Ila C ya kawaida usiitupe, kuna nyimbo ambazo ile noti ya nyongeza inagombana na sauti ya mwimbaji.

Pigo la Chini amekwambia utangulize cha pete. Kama hatua ya kupitia nakubaliana naye, hasa kwa C. Lakini usiishi hapo. Lengo ni vidole vitue pamoja kama umbo moja, na zoezi lake ni hili: shika C, legeza bila kuondoa vidole kwenye nyuzi, bana tena. Rudia. Kisha legeza na unyanyue kidogo sana, vidole vikiwa bado na umbo la C hewani, tua vyote kwa pamoja. Kisha nyanyua zaidi. Mwisho toa mkono uweke gotini, urudi. Na unyanyuaji uwe mdogo siku zote. Mtu anayetembea hapandishi goti kifuani ili apige hatua. Ukijirekodi video ya mkono wa kushoto peke yake utaona vidole vinaruka juu kiasi gani.

Halafu nguvu. Anayeanza karibu kila mara anabana kupita kiasi, na kidole kilichobana sana kinachelewa kuachia. Weka kidole juu ya uzi bila kubana, ugonge ule uzi huku ukiongeza nguvu taratibu. Kwanza unasikia sauti iliyokufa, kisha inakwaruza, kisha inatoka safi. Simama hapo hapo. Kidole kikikaa karibu kabisa na chuma cha freti, nguvu inayohitajika inapungua sana.

Kuhusu ratiba, vunja yale masaa ya mwisho wa wiki. Dakika kumi au kumi na tano kila siku zitakupeleka mbali kuliko kikao kirefu kimoja. Mikono inahitaji kulala ikaamka na jambo, na vidole vilivyochoka vinaanza kujifunza vibaya.

Tairi_la_Mdundo

Naongezea kwa ufupi. Kuna zoezi la dakika moja ambalo mwalimu Justin Sandercoe amelieneza sana kwenye masomo yake ya bure. Chagua kodi mbili, weka saa ya sekunde 60, hama kwenda na kurudi, hesabu umefika mara ngapi, andika. Kesho tena. Mimi linanisaidia kwa sababu naona namba inapanda hata siku ninazojiona nimekwama.

Ili ujue namba inayokutosha, piga hesabu ya wimbo wako. Wimbo wa mwendo wa 80 unaobadilisha kodi kila baada ya mapigo manne unahitaji kuhama mara 20 tu kwa dakika. Wa mwendo wa 120 unaobadilisha kila baada ya mapigo mawili unahitaji 60.

Ridhim_Daima

Zoezi zuri, ila lina upungufu mmoja: halina mdundo. Unaweza kufika 60 kwa dakika huku ukikimbia na kusitasita. Lifanye, kisha kodi hizo hizo zipeleke kwenye metronomu siku hiyo hiyo.

Kipande_cha_Mbao

Mimi natengeneza magitaa, na kabla ya kuvilaumu vidole ningemwomba ndugu aliangalie gitaa lenyewe. Chukua rula. Kwenye freti ya 12 pima nafasi kati ya juu ya chuma cha freti na chini ya uzi wa 6. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, karibu milimita 2 hadi 2.5 ni kawaida, na uzi wa 1 uwe chini zaidi ya hapo. Ukikuta milimita 4, unapigana na gitaa, na hakuna zoezi litakalokusaidia kuhama haraka wakati kila kodi inakuumiza.

Kipimo cha pili ni kule kichwani. Bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya 1. Inatakiwa iwe ndogo kiasi cha unywele, uigonge kidogo tu kwa ncha ya kidole uione inacheza. Ikiwa pana, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachoshika nyuzi kichwani kina mifereji iliyo juu mno, na kodi za freti ya 1 kama C na Am ndizo zinazoumia zaidi. Njia ya kuthibitisha: funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja) freti ya 1 au ya 2, shika C ile ile. Kama ghafla imekuwa rahisi sana, mpelekee fundi. Mifereji ile usiichonge mwenyewe, ukipitiliza kidogo uzi unaanza kukwaruza ukiwa wazi.

Angalia na unene wa nyuzi. Seti inayoanzia .012 (unene wa uzi wa 1 kwa inchi) inahitaji nguvu kuliko ya .010. Kwa anayeanza, .010 au .011 inatosha kabisa. Ukibadilisha unene, mvutano kwenye shingo nao unabadilika, fundi aiangalie tena shingo.

Uzi_wa_Tatu

Nawashukuru sana. Nimepima: uzi wa 6 uko juu ya milimita 3, na kwa kapo C imekuwa laini mno. Gitaa limekwenda kwa fundi na limerudi, na nimeweka nyuzi za .011. Tofauti ni kubwa.

Metronomu ya 60 naiweza sasa kwa G na C, nikicharaza mapigo yote manne. Ile G ya kidole kidogo ilinipa shida mwanzoni lakini sasa nahisi pete na kati vinatelemka pamoja bila kufikiri. Nikipandisha 80 kila kitu kinavunjika. Je, nibaki na G ipi, hii ya kidole kidogo au ile ya vidole vinne? Na wimbo anaoupenda zaidi mdogo wangu una C, F na G. Ile F ya kulaza kidole nyuzi zote sita siiwezi kabisa.

Ridhim_Daima

Umefanya kazi, hongera. Kutoka 60 kwenda 80 ni kuruka. Nenda 64, kisha 68. Ukivunjika, rudi ulipokuwa sawa, ukae hapo mpaka uanze kuona ni rahisi, ndipo upande. Na usirudi mwanzo wa wimbo kila ukikosea. Kata kile kipande: mapigo mawili ya mwisho ya G na mawili ya kwanza ya C, zungusha hayo tu.

G zote mbili zijue. Inayofaa inaamuliwa na kodi inayofuata. Ikifuata C, tumia ya kidole kidogo. Ikifuata D, tumia ya vidole vinne, ili cha pete kibaki kwenye uzi wa 2.

F usiianzie kwa kulaza kidole. Anzia Fmaj7, ndugu rahisi wa F: pete uzi wa 4 freti ya 3, kati uzi wa 3 freti ya 2, shahada uzi wa 2 freti ya 1, uzi wa 1 wazi, nyuzi za 5 na 6 usizipige. Linganisha na C uone uzuri wake: shahada haiondoki, pete na kati zinashuka uzi mmoja mmoja kwenye freti zile zile. Ni safari ile ile uliyokwisha kuizoea kutoka G kwenda C. Ikishakaa, ilaze ncha ya shahada ibane uzi wa 2 na wa 1 pamoja, hapo tayari una F kamili ya nyuzi nne. Ile ya nyuzi sita itafuata kwa wakati wake, na kazi ya fundi pale kichwani itakuwa imekurahisishia.

Lakini usimsubirishe mdogo wako kwa ajili ya F. Funga kapo freti ya 5, upige maumbo ya G, C na D. Kwa kapo hapo, G inatoka kama C, C inatoka kama F, na D inatoka kama G. Wimbo uko katika ufunguo ule ule anaouimba, na wewe uko kwenye kodi ulizonazo. Ukiona sauti yake inabanwa juu, ishushe kapo freti moja au mbili, umbo la vidole halibadiliki. Mwambie muuimbe kwa 64, wimbo mzima, na akufanyie jambo moja: ukichelewa kufika kwenye kodi, yeye asikusubiri.